Vyeti vimejaa, kazi haijabadilika: nipangeje mwaka wangu wa mafunzo?

Swali: Mimi ni ofisa ustawi wa jamii, mwaka wa sita sasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni familia zenye watoto walio hatarini. Kila mwaka nakusanya saa za mafunzo ili leseni ihuishwe: semina, kozi za mtandaoni, makongamano. Vyeti ninavyo vingi. Lakini nikiketi na mzazi aliyekasirika, nafanya yale yale niliyokuwa nikifanya mwaka wa kwanza. Ofisi haina fungu la mafunzo na mashauri ni mengi. Nipange vipi mwaka mmoja wa kujifunza ili kazi ibadilike kweli, na kumbukumbu zangu zipite ukaguzi?

Jibu:

Huenda semina zako zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kile kinachopaswa kufuata: mtu wa kusikia unavyozungumza na familia, akuambie ulisema nini hasa, kisha ujaribu tena naye akisikiliza. Mwaka 2004 William Miller na wenzake walichapisha jaribio lililowagawa kwa bahati nasibu watoa huduma 140 wa masuala ya ulevi na dawa za kulevya. Walikuwa wakijifunza mahojiano ya kuhamasisha, mbinu ya kumwezesha mtu ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika. Ujuzi wa waliofundishwa ulipanda. Ilipofika mwezi wa 4, waliopata warsha peke yake walikuwa wameanza kushuka, ila waliopewa mrejesho juu ya kazi yao iliyorekodiwa, au kuelekezwa kwa simu baada ya warsha, walikishika walichojifunza.

Kwa wewe unayeshughulika na watoto, kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2002 Michael Lamb na wenzake waliripoti juu ya wahojaji waliotumia mwongozo wa NICHD, taasisi ya Marekani ya afya ya mtoto na maendeleo ya binadamu, wa kuhoji watoto wanaohisiwa kudhulumiwa. Maadamu mahojiano yao yalikuwa yakipitiwa mara kwa mara na kurudishiwa maoni, waliuliza kwa wingi zaidi maswali wazi, yale yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na watoto wakaeleza zaidi kwa maneno yao. Mrejesho uliposimama, ubora ulishuka. Na hao walikuwa watu wenye uzoefu, si wanafunzi.

Sababu si uvivu. Mzazi anapofoka, kichwa hakina nafasi ya kukumbuka slaidi ya saa nne asubuhi. Mdomo unatoa ulichozoea. Tena sisi wenyewe si mashahidi wazuri wa kazi yetu. Katika utafiti mdogo wa Miller na Mount wa mwaka 2001, baada ya warsha ya siku mbili washiriki walijiona wamebadilika kuliko kanda zilivyoonyesha. Hapo ndipo penye hatari kubwa: anayeamini ameshaijua mbinu haitafuti tena. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kidogo kumeza. Mwaka huu punguza semina, na saa utakazookoa zipeleke kwenye mazoezi yanayosikilizwa na mtu mwingine.

Anza kwa kuchagua ujuzi mmoja. Mmoja tu kwa miezi sita. Usiuchague kwa kutazama orodha ya kozi zinazotangazwa; uchague kwa kutazama majalada yako. Chukua mashauri 10 uliyofunga au yaliyokwama katika nusu mwaka iliyopita, na kwa kila moja andika sentensi moja: lilikwama wapi? Mzazi hakurudi baada ya ziara ya kwanza. Mpango wa familia uliandikwa vizuri lakini hakuna aliyeufuata. Mahakama ilirudisha ripoti ikitaka ufafanuzi. Shauri lilifunguliwa upya baada ya wiki chache. Kwa kawaida sentensi tatu au nne zitafanana, na hapo ndipo pa kuanzia. Mtu akikuta ripoti zake ndizo zinazorudishwa, ajifunze kuandika, wala asiende kwenye kozi ya kiwewe kwa sababu ndiyo inayozungumzwa na wenzake.

Kisha ugeuze ujuzi huo uwe tendo linaloweza kusikika au kuonekana. “Kuboresha mawasiliano na wazazi” ni lengo lisilopimika, na mwisho wa mwaka utaandika kwamba umelifikia. “Katika dakika 10 za mwanzo za ziara, nimrudishie mzazi alichosema angalau mara moja kwa kila swali ninalouliza” ni lengo ambalo mwenzako anaweza kulihesabu kwa kalamu.

Sasa unahitaji kujua uko wapi kabla ya kuanza. Njia bora ni kurekodi sauti ya mazungumzo halisi, na hapa watu wengi huharibu mapema. Pata kwanza idhini ya ofisi na uangalie sheria ya faragha inayokuhusu. Baada ya hapo omba ridhaa ya maandishi ya mteja, ukimweleza nani atasikiliza, kwa lengo gani, na lini itafutwa. Usirekodi uchunguzi wa kisheria wala ziara ambayo familia inaogopa kuondolewa mtoto. Mtu aliye chini ya mamlaka yako anaweza kusema “sawa” kwa hofu, na ridhaa ya hofu si ridhaa. Chagua ziara za kawaida za ufuatiliaji au kikao cha kumsaidia mtu kupata huduma. Usitumie simu yako binafsi inayopeleka mafaili yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukishahesabu, na mliyekubaliana asikilize akishasikia, futa siku hiyo hiyo na uandike kwamba umefuta.

Huhitaji kusikiliza saa nzima. Kipande cha dakika 20 kinatosha; ndicho pia kinachotumika kupima mahojiano ya kuhamasisha. Chora safu nne kwenye karatasi: maswali funge (yale yanayojibika kwa ndiyo au hapana); maswali wazi; kauli za kuakisi (yaani kumrudishia mtu alichosema au alichomaanisha, bila kuuliza); na ushauri uliotolewa bila kuombwa. Weka alama kila moja inapotokea. Kipimo kinachotumika sana kwa mbinu hii kinataka walau kauli moja ya kuakisi kwa kila swali, na kinahesabu kauli mbili kwa swali moja kuwa kazi nzuri. Tena kinataka walau asilimia 40 ya kauli hizo ziongeze maana kuliko kurudia maneno tu. Mtu anayejihesabu mara ya kwanza anaweza kujikuta mbali na hapo, pengine maswali matano kwa kauli moja. Usivunjike moyo. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia, na ina faida kuliko vyeti vyote ulivyo navyo.

Pasipowezekana kurekodi, mwalike mwenzako akae kimya kwenye ziara na kuhesabu, kwa ridhaa ile ile. Njia ya tatu ni ya zamani katika taaluma yetu: kuandika mazungumzo kutoka kichwani. Andika ndani ya saa moja baada ya kikao, dakika 10 za mazungumzo tu, kwa safu: alichosema mteja, nilichosema mimi, nilichokuwa nikihisi, na nafasi ya maoni ya msimamizi. Safu ya hisia ndiyo yenye utajiri, kwa sababu huonyesha ni wapi uliharakisha kwa kuwa uliogopa ukimya. Udhaifu wake ni kwamba kumbukumbu husafisha: maswali funge hupotea na maneno yako hutoka fasaha kuliko yalivyokuwa. Itumie kwa tafakuri, usiitumie kuhesabu.

Zoezi lenyewe ni igizo dhima, na najua wengi mnalichukia. Mnalichukia kwa sababu hufanywa vibaya: dakika 20 mfululizo mbele ya ukumbi, anayeigiza mteja anapandisha hasira kupita kiasi, kisha kila mtu anasema “umefanya vizuri”. Lifanye kwa watu watatu, mmoja mteja, mmoja ofisa, mmoja msikilizaji mwenye kalamu. Dakika 3 tu, sehemu moja ngumu tu. Msikilizaji anasema maneno aliyoyasikia bila kuhukumu mtu, kwa mfano: “Ulipotajiwa mume, uliuliza maswali matatu mfululizo.” Halafu mnarudia sehemu ile ile, palepale, na kurudia tena. Kurudia ndiko kunakofundisha. Igizo lisilorudiwa ni maonyesho. Marion Bogo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto waliingiza katika ustawi wa jamii mtihani wa vitendo wenye waigizaji waliofundishwa, mfano wa ule wa madaktari. Wewe huna waigizaji, lakini kanuni ni ile ile: hali inayofanana, mtazamaji, na vigezo vilivyoandikwa kabla.

Tuchukue mfano wa mzazi wako aliyekasirika. Mama anafungua mlango na kusema, “Nyie kazi yenu ni kuchukua watoto wa watu tu.” Ofisa aliyezoea anajibu, “Hapana mama, tumekuja kukusaidia.” Jibu hilo lina nia njema, lakini linambishia, na mtu akibishiwa hofu yake hulazimika kuitetea kwa sauti ya juu zaidi. Jaribu, “Mama, ulipotuona tu umefikiria tutaondoka na mtoto.” Hukukubali kosa, hukuahidi kitu, ila umeonyesha umesikia. Nyamaza. Akishasema yake, mweleze kwa ukweli mamlaka yako yanafika wapi na hayafiki wapi, maana kumliwaza kwa ahadi usiyoweza kuitimiza kutaua shauri baadaye. Hizo ni sentensi mbili au tatu tu, na ndizo za kufanyia igizo mara kumi. Makosa yanayojitokeza hapa ni mawili. Kauli ya kuakisi hupandishwa sauti mwishoni, ikawa swali, au ofisa haoni raha na ukimya, akaongeza “sivyo?” na kuharibu yote.

Unaposikiliza kanda ya mazungumzo na mtoto, sikiliza maswali yanayotia jibu mdomoni: “Alikupiga, eti?” Mwaliko kama “Niambie kila kitu kilichotokea”, ukifuatwa na “Halafu ikawaje?”, hupata mengi zaidi na yasiyochafuliwa na maneno yako. Lakini kama mahojiano ya kisheria si kazi uliyoidhinishwa kuifanya, sikia kile mtoto anachotaka kusema, kiandike kwa maneno yake, na upeleke panapohusika. Kumhoji mtoto mara nyingi kwa ajili ya kujifunza ni kumdhuru.

Hayo yote yanahitaji kikundi. Alfred Kadushin, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu usimamizi katika ustawi wa jamii, aliutaja kuwa na kazi tatu: ya utawala, ya kuelimisha, na ya kumtegemeza mfanyakazi. Katika ofisi zenye mashauri mengi utawala humeza zile mbili: kikao kizima kinaisha kwa tarehe za mwisho na fomu zilizobaki. Mwombe msimamizi wako jambo dogo na mahsusi, dakika 20 za kila kikao zisizogusa utawala, nawe uje na kipande cha dakika 3 na swali moja lililoandikwa. “Naomba nifundishwe” hupata jibu la “tutaona”. “Nisikilize dakika hizi tatu, uniambie nilimpoteza wapi” ni vigumu kukataa.

Kama msimamizi hayupo au hana ujuzi huo, unda kikundi cha wanne. Dakika 45 kila wiki mbili zinatosha zikigawanywa hivi: 5 mwenye zamu aseme anataka kusaidiwa nini, 5 kusikiliza kipande, 10 wenzake waseme walichosikia, 20 igizo la mizunguko minne, 5 kuandika. Vikundi hivi hufa kwa njia zinazojulikana. Kinageuka kikao cha kulalamikia wakubwa. Wengine wanakimbilia kutoa ushauri kuhusu mteja badala ya kugusa maneno ya mwenye zamu. Mtu mmoja hana zamu kamwe kwa kuwa ndiye mkubwa kiumri. Mwenye cheo awe wa kwanza kuleta kanda yake, wengine watalegea. Wala msitume habari za mteja kwenye kundi la simu, hata bila jina. Umri wa mtoto, mtaa na tukio vinatosha kumtambulisha.

Si kila kitu kinataka igizo. Sheria iliyobadilika, utaratibu mpya wa rufaa, madhara ya dawa fulani, maadili ya kazi: hivyo husomwa, na kozi ya mtandaoni inafaa kabisa. Ila usisome mara moja na kufunga. Tangu kazi ya Hermann Ebbinghaus ya mwaka 1885 inajulikana kwamba usahaulifu hushika kasi mwanzoni kabisa. Siku mbili baadaye, wiki baadaye na mwezi baadaye, funga maandishi na ujiulize maswali matano. Kuyasoma upya hukupa hisia ya kujua. Kuyakumbuka bila kutazama ndiko kunakoyabakiza.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau: mambo mazito yanayotokea mara chache. Mteja anaposema hana sababu ya kuishi, huwezi kuanza kutafuta maneno. Uliza waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mpango wa usalama wa Barbara Stanley na Gregory Brown una sehemu sita, ambazo mnaziandika pamoja naye: dalili za onyo anazozijua mwenyewe, anachoweza kufanya peke yake kujituliza, watu na mahali pa kumtoa mawazo hayo, anaoweza kuwaomba msaada, wataalamu na huduma za dharura, na kuondoa au kufungia mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Sehemu ya mwisho ndiyo inayorukwa kwa aibu, na ni kosa kubwa. Hata kwenye mwaka wenye lengo jingine, tenga kikao kimoja cha kikundi kila miezi mitatu kutamka maneno haya kwa sauti.

Ukiamua kulipia au kuombea ruhusa kozi, waulize waandaaji: nitafanya mazoezi kwa muda gani, nani atanitazama, na nini kitafuata baada ya wiki nne? Wakijibu kwa kutaja wasemaji na chakula, tafuta kwingine. Ngazi nne za kupima mafunzo alizozieleza Donald Kirkpatrick mwaka 1959 ni namna washiriki walivyoyapokea, walichojifunza, tabia kazini, na matokeo kwa wanaohudumiwa. Fomu unayojaza mwisho wa semina inagusa ngazi ya kwanza tu.

Sasa hesabu. Tuseme unadaiwa saa 30 kwa mwaka. Vikao 20 vya kikundi vya dakika 45 ni saa 15. Kanda 8 za mwaka mzima, nusu saa kila moja kuzisikiliza na kuzihesabu, ni saa 4. Sheria na maadili saa 8. Kuandika kumbukumbu 6 kwa nusu saa kila moja ni saa 3. Zimetimia 30, na hakuna ada kubwa uliyolipa. Lakini kabla ya kuanza, iulize bodi yako kwa maandishi kama inakubali saa za kikundi cha wenzako na za kujipima mwenyewe. Nyingine hudai mada, daftari la mahudhurio na jina la mwongozaji, nyingine huhesabu kozi zilizoidhinishwa tu. Taratibu zinatofautiana mno. Jimbo la California linadai saa 36 kwa kila miaka miwili, zikiwemo 6 za sheria na maadili. England haihesabu saa. Mfanyakazi anaandika kumbukumbu mbili kwa mwaka, walau moja ikiwa na tafakuri aliyoifanya na mwenzake. Nakiri nauona mtindo huu wa pili kuwa wa haki zaidi, maana unauliza nini kimebadilika.

Kumbukumbu nzuri ina maneno 250 hadi 400, na imeandikwa siku ile ile. “Nilihudhuria mafunzo ya kuhoji, nilijifunza umuhimu wa kusikiliza” haimwambii mkaguzi chochote. Andika hivi: “Kanda ya mwezi wa 2: maswali 31, kauli za kuakisi 6. Niligundua nauliza mfululizo mzazi anapokaa kimya. Kikundi kilinipa zoezi la kuhesabu hadi tano kabla ya kusema. Kanda ya mwezi wa 5: maswali 17, kauli 15. Kinachobaki ni kwamba nikitajiwa ukatili narudi kwenye maswali funge.” Usiandike jina la mteja, tarehe ya ziara wala mchanganyiko wa habari unaomtambulisha. Ambatisha karatasi ya hesabu na saini ya msikilizaji, si kanda.

Kuhusu wingi wa mashauri, omba dakika 45 zako ziwekwe kwenye ratiba kama ziara, zenye saa na siku, kabla wiki haijaanza. Na ukipelekwa kwenye semina ya kukabiliana na uchovu ilhali mzigo wa mashauri haujaguswa, nenda kama inakusaidia, ila endelea kuomba mzigo upunguzwe kwa maandishi. Mtu aliyechoka kupita kiasi hajifunzi.

Mwisho wa mwezi wa 3, linganisha namba. Zikiwa hazijasogea, usibadilishe mbinu na usitafute kozi nyingine. Kata ujuzi uwe mdogo zaidi. Acha dakika 10 za mwanzo, shika sentensi ya kwanza unayosema baada ya mzazi kufoka, hiyo peke yake, kwa wiki nne. Ikishatoka bila kuiwazia, ongeza ya pili.